Vita vya Kisangani vilihamia chumbani

Katika msimu wa tatu wa The Crown, tamthilia ya Netflix iliyotoka Novemba 2019, kuna kipindi kiitwacho Moondust ambacho naona kina mengi ya kuwaambia watu wa Kisangani kuliko wa Windsor. Prince Philip amefiwa na mama yake. Amewakodolea macho wanaanga waliotua mwezini Julai 1969 akidhani watampa jibu la jambo ambalo hata kulitaja hawezi. Mwishowe anaketi mbele ya makasisi waliochoka, wale wale aliowadharau mwanzoni, na kuwaungamia kwamba imani imemtoka. Mke wake, ambaye kwa cheo ndiye mkuu wa Kanisa la Uingereza, hayumo chumbani. Hapo mwandishi wa tamthilia amegusa ukweli ambao wengi wetu huupita: imani ikipotea msibani, mwenzi wa ndoa ndiye wa mwisho kuambiwa.

Mume na mke waliofiwa mara chache hupoteza imani siku moja. Mmoja bado anaamka alfajiri kwenda kusali, mwenzake anajifunika shuka na kujifanya amelala. Hakuna ugomvi, hakuna kofi, ila kitanda kimeshawekwa mpaka. Filamu ya saa mbili haina nafasi ya kuonyesha hilo. Itatuonyesha jeneza na kilio, kisha itaruka miaka. Tamthilia ya vipindi vingi inaweza kukaa na watu hao hadi mwezi wa tisa baada ya msiba, majirani wakiwa wameshaacha kubisha hodi. Poldark ya BBC ilifanya hivyo. Julia, mtoto wa Ross na mkewe Demelza, anafariki kwa ugonjwa wa koo mwishoni mwa msimu wa kwanza, mwaka 2015, na Ross anamsaliti Demelza katika msimu wa 2016, wakati mtazamaji ameanza kulisahau kaburi. Simtetei Ross. Nasema tu kwamba kaburi lile halikuwa limefungwa.

Sasa tuje kwetu. Wagenia, wavuvi wa maporomoko ya Boyoma, husimika magogo makubwa kati ya mawe ya mto, huyafunga kwa kamba za msituni, kisha huning'iniza makapu yenye umbo la faneli, mdomo ukielekea maji yanakotoka. Kamera za wageni huipenda picha hiyo, na zikishaipata huondoka. Hazimfuati mvuvi hadi nyumbani kwake. Na mji huu umezika watu kupita kiasi: waasi wa Simba waliuteka Agosti 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji wakaushukia Novemba 24 mwaka huo huo, na kuanzia Juni 5 hadi 10, mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, yote mawili ya kigeni, yakapigana kwa mizinga katikati ya nyumba za watu. Historia hiyo husimuliwa kwa majina ya majenerali. Mimi naona tamthilia ya Kisangani, siku itakapotengenezwa, ianzie kwenye ndoa.

Chukua mwaka 1964. Wapiganaji wa Simba walinyunyiziwa dawa, wakaamini risasi zitageuka maji, wakasonga mbele wakipaza sauti “Mai Mulele!” Dawa ilikuwa na miiko, na mmoja ulikuwa kutomgusa mwanamke. Risasi ilipopenya, jibu lilikuwa tayari: marehemu alivunja mwiko. Hebu fikiri jibu hilo lilimfikia vipi mjane. Kifo chenyewe kinatuhumu, ama mume alimgusa yeye, ama alimgusa mwingine. Akiendelea kuiamini dawa, ndoa yake inachafuka hata mume akiwa kaburini; akitaka ndoa ibaki safi, lazima aache kuamini kile ambacho mumewe alikifia. Sijui mwandishi wa London ambaye angeweza kubuni fundo gumu kuliko hilo.

Au wachukue Patrice Lumumba na Pauline Opango, waliooana mwaka 1951, enzi ambazo Lumumba alikuwa karani wa posta hapa Kisangani, wakati huo ikiitwa Stanleyville. Novemba 1960, baba akiwa amezuiliwa nyumbani Léopoldville, Kinshasa ya leo, binti yao Christine, aliyezaliwa kabla ya wakati, alifariki Geneva. Lumumba alipotoroka usiku wa Novemba 27, aliacha ujumbe kwamba safari yake ni ya kumzika mtoto. Pale Lodi, kwenye mto Sankuru, yeye alishavuka. Pauline na mtoto wao mdogo Roland walikuwa bado ng'ambo. Akarudi, akakamatwa, na baadaye akauawa. Filamu ya Raoul Peck ya mwaka 2000 ina nguvu, lakini macho yake yako kwenye siasa. Pauline aliishi miaka zaidi ya hamsini baada ya mto ule, akafariki Desemba 2014. Ubelgiji ilirudisha jino la mumewe Juni 2022. Likapitishwa Kisangani kabla ya kuzikwa Kinshasa, na mke hakuwepo tena kulipokea. Miaka hamsini na kitu ya mwanamke aliyeachiwa barua ya kuagwa na kaburi lisilo na mwili haijapata mwandishi wa tamthilia.

Wapo watakaosema upweke huu ni wa Wazungu, kwamba kwetu msiba ni wa ukoo na matanga humshika aliyefiwa asianguke. Ni kweli, kwa siku za matanga. Lakini matanga yenyewe huwatenga: mama amekaa chini na wanawake, baba nje na wanaume, na ukoo ule ule unaoleta kuni na chakula ndio unaonong'ona nani kamla mtoto. Wageni wakiondoka, wawili hao wanakutana kila mmoja akiwa amepewa mshtakiwa wake. Ukoo unaweza kubeba jeneza. Tuhuma inayobaki kati ya wawili hao mara nyingi ndio unaoileta.

Pingamizi la makanisa, kwamba tamthilia za ndoa na imani tayari zipo, ni zito zaidi. Kinshasa ina desturi ndefu ya tamthilia za televisheni, na mwanaanthropolojia Mbelgiji Katrien Pype aliandika kitabu kizima mwaka 2012 juu ya zile zinazotengenezwa na vikundi vya kilokole. Ndoa inayumba, mchawi anafichuliwa, mchungaji anaomba, nyumba inapona. Sizidharau, zimewazoesha watazamaji kuitazama ndoa kwa uzito. Tatizo ni kwamba ndani yake mtu aliyepoteza imani hana ruhusa ya kubaki mtu mwema. Maandiko yenyewe ni mapana kuliko hapo. Mke wa Ayubu aliwazika watoto kumi, wale wale wa mumewe, siku ile ile. Amepewa neno moja la uchungu, na wahubiri wamemshambulia kwa hilo tangu zamani bila kumuuliza amezaa wangapi.

Linabaki swali la heshima kwa waathirika walio hai. Mwaka 2020 Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alitoa filamu ya hali halisi En route pour le milliard, juu ya waathirika wa vita vya siku sita wanaoteremka mto kwa boti hadi Kinshasa kudai fidia. Kati ya mandhari za safari wanaonekana jukwaani, wengine kwa magongo, wakiigiza yaliyowapata. Walikuwa wameshaamua kutazamwa. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325, kati ya hizo milioni 225 kwa madhara ya watu: waliouawa, waliojeruhiwa, waliobakwa, watoto waliofanywa askari, waliohamishwa makwao. Mume na mke walioacha kusemezana baada ya mazishi hawana safu katika hesabu hiyo, na sheria haiwezi kulaumiwa, kwa maana hakuna shahidi.

Gharama nayo itatajwa. Kuigiza mizinga ni ghali. Chumba chenye kitanda kimoja, koroboi, na ngurumo ya maporomoko nje ya dirisha si ghali, na waigizaji Hamadi ameshatuonyesha waliko.