KINGA ISINUNULIWE GIZANI

Ni jambo lisilofichika kwamba katika mialo ya Ziwa Victoria, kuanzia Kirumba na Igombe hadi visiwa vya Ukerewe, maisha ni ya kuhamahama. Mvuvi hulala leo kisiwa hiki na kesho kingine akifuata samaki. Hiyo ni sababu mojawapo ya jamii za wavuvi kuumizwa na Ukimwi kuliko wananchi wengi wengine. Kwao kondomu si anasa bali ni zana ya maisha, kama ulivyo wavu.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mtu yule yule anayekagua wavu wake tundu kwa tundu hununua kinga usiku, kwa kunong'ona, bila kuitazama pakiti. Aibu ndiyo inayomharakisha.

Kuchagua si kazi ngumu. Tarehe ya mwisho wa matumizi iwe haijapita. Pakiti iwe haijatoboka, na ikibonyezwa ionekane ina hewa ndani. Kinga iliyoanikwa juani kibandani, au iliyokaa mfukoni mwa suruali kwa majuma mengi, huweza kuwa imedhoofishwa na joto hata kama tarehe yake bado.

Kosa kubwa zaidi linahusu vilainishi. Baadhi ya watu hutumia mafuta ya mgando, losheni au mafuta ya kupikia. Mafuta hudhoofisha mpira, na dakika chache tu hutosha kuufanya upasuke. Vinavyofaa ni vilainishi vya maji au vya silikoni. Aidha, vyenye dawa iitwayo nonoksinoli-9 viepukwe. Utafiti uliotangazwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa dawa hiyo, ikitumiwa mara kwa mara, humwongezea mwanamke hatari ya kuambukizwa.

Wala jeli yenyewe isidhaniwe kuwa kinga. Mwanza ni shahidi. Wanawake wafanyao kazi katika baa na nyumba za wageni walijitolea katika jaribio la jeli iitwayo PRO 2000, lililowahusisha wanawake zaidi ya 9,000 katika nchi 4 za Afrika. Mwezi Desemba 2009 matokeo yalitangazwa: jeli haikudhuru, lakini haikukinga. Kuupuuza ukweli huo ni kuwadharau waliojitolea.

Hata hivyo, lawama zote asitupiwe mnunuzi. Vilainishi sahihi havina budi kupatikana mwaloni, si katika maduka ya dawa ya mjini tu. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yenye ofisi ya kanda jijini Mwanza, ivifikie vibanda vya visiwani. Viongozi wa mialo wahakikishe kinga inahifadhiwa kivulini. Wazee nao waache kuwakemea vijana wanaouliza.

Staha ni pambo la mtu, lakini haijapata kumkinga yeyote na ugonjwa.