Mafuta ya Mbegu za Bangi Jikoni: Ni Halali au Haramu?



Wiki hii tumepokea barua ya binti yetu mmoja aliyeolewa, anayekaa nyumba moja na mama mkwe wake. Wifi yake aishiye Kanada alimletea chupa ya mafuta yaliyokamuliwa katika mbegu za hempu. Akayatia katika kachumbari, watu wakala na wakasifu. Siku ya pili mama mkwe akaiona chupa, na juu yake imechorwa jani ambalo hakuna mkazi wa mji huu asiyelijua. Tangu siku hiyo mama huyo hali chakula cha sufuria za nyumba ile. Amejinunulia sufuria yake na anajipikia chumbani. Jirani naye ameongeza la kwake, kwamba wote waliokula swala zao hazikubaliwi siku 40. Binti auliza: mafuta yale ni halali? Vyombo vimenajisika? Na hizo swala je?

Tuanze na kukijua kitu chenyewe, maana hukumu ya kitu hufuata kukifahamu. Hempu ni mmea ule ule wa bangi, wala tusidanganyane kwa majina. Wataalamu wa mimea huita yote miwili Cannabis sativa. Tofauti ni kwamba hempu ni aina iliyochaguliwa kwa ajili ya nyuzi na mbegu, na kile kinacholevya, yaani kemikali iitwayo THC, ndani yake ni kidogo mno. Kanada iliruhusu wakulima kuilima kibiashara mwaka 1998. Marekani iliruhusu kwa sheria ya mwaka 2018, kwa sharti kuwa THC isizidi asilimia 0.3 ya uzito wa mmea mkavu. Wengine huyaita mafuta haya “mafuta ya katani”. Jina hili litatupoteza sisi watu wa pwani, kwa sababu katani yetu ni nyuzi za mkonge, kama ule unaolimwa Vipingo, na mkonge haukamuliwi mafuta.

Ulevi wa mmea huu umo katika utomvu unaonata kwenye maua na majani ya juu. Mbegu haitengenezi ulevi. Wakati wa kuvuna ndipo utomvu kidogo huigusa kwa nje, na mbegu zikisafishwa vizuri husalia chembe tu. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka mpaka: kilo moja ya mafuta ya mbegu hizi isiwe na THC zaidi ya miligramu 7.5. Tufanye hesabu. Kijiko kikubwa cha mafuta ni kama gramu 14, basi hata yakiwa yamefika ukingoni mwa mpaka huo, kijiko hicho kina THC kiasi cha sehemu moja ya kumi ya miligramu. Madaktari wanaowapa wagonjwa THC kama dawa huanza na miligramu 2.5. Ili mtu afikie dozi hiyo ya mwanzo itambidi anywe vijiko zaidi ya ishirini kwa mpigo, na tumbo lake litamkatalia kabla kichwa hakijahisi lolote.

Sasa tuje kwenye hukumu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kinacholevya kwa wingi wake, uchache wake pia ni haramu. Mafundisho haya yanahusu kitu ambacho chenyewe ni kilevi. Tutazame mnazi wetu. Mti mmoja hutupa nazi, tui na mafuta, na mti huo huo hugemwa tembo. Tembo ni haramu bila shaka, lakini hajapatikana mwanachuoni aliyetukataza wali wa nazi kwa sababu ya mgema. Zabibu na tende vivyo hivyo. Hukumu hailaani ukoo mzima wa mti. Hushika kile kinachoondoa akili.

Wala mjadala wa namna hii si mgeni jikoni. Kungumanga tunayoikuna katika halua, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wa karne ya 10 Hijria waliizungumza kwa urefu, kwa kuwa ikiliwa kwa wingi hulevya. Ibn Hajar al-Haytami aliikazia sana, akaihesabu pamoja na vilevi. Shihabuddin al-Ramli yeye alijibu kuwa kidogo chaajuzu na kingi ni haramu. Mama zetu, ambao mkono wao katika kungumanga ni mwepesi, wameishi na jibu la al-Ramli miaka yote bila kulijua jina lake.

Kwa hiyo mafuta safi ya mbegu, yasiyolevya, asili yake ni halali. Ama vyombo, Imamu Nawawi alikwishaeleza kuwa mimea inayolevya ni haramu kuila ila si najisi. Kilevi kilicho najisi ni kile cha majimaji. Mtu atasema: je, mafuta si majimaji? Ndiyo, lakini yatakikana mambo mawili yakutane, kiwe majimaji na kiwe chalevya, na hapa la pili halipo. Sufuria ni tohara. Na zile siku 40 zimepokewa kuhusu mnywaji wa pombe, wala hazimhusu mtu aliyekula kachumbari. Swalini, wala msirudie chochote.

Haya ni ya mafuta ya mbegu. Chupa ikiwa imeandikwa CBD, hayo ni mafuta mengine, hutolewa katika maua na majani, na huuzwa kama dawa. Msiyatie chakulani, wala msiyachanganye katika hukumu hii. Kwa hiyo someni maandishi ya chupa kabla ya kufungua: pawe pametajwa mbegu peke yake.

Pamoja na uhalali huo, mimi simshauri mtu kuyaagiza. Miji yetu imeumia kwa bangi na kwa yaliyo mabaya kuliko bangi, na mzee aliyemuuguza mtoto aliyeharibikiwa akili halioni jani lile kama pambo la chupa. Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya ni kali, na maelezo ya fiqhi hayatakusaidia mbele ya askari bandarini. Anayesafiri kwenda Ghuba kikazi, au kwenda umra, asithubutu kuitia chupa hii mzigoni. Huko watu hufungwa kwa kiasi kidogo sana. Na faida yenyewe? Zaidi ya nusu ya mafuta haya ni omega 6, na omega 3 iliyomo ni ya mimea, ambayo mwili hugeuza kidogo tu kuwa ile inayopatikana tayari katika samaki. Fungu la simu wa sokoni litawafaa watoto zaidi, na kwa bei isiyomtoa mtu jasho.

Aliyekwisha kuwa nayo ajue kuwa si mafuta ya kukaangia. Huanza kutoa moshi kwenye nyuzi joto kama 165, na mahamri au viazi vya karai hutaka karai lililo moto kuliko hapo. Utapata uchungu na harufu mbaya. Hutiwa juu ya chakula kilichokwisha iva, au katika saladi. Rangi yake ni ya kijani na ladha yake yakaribia njugu. Yahifadhiwe kwenye friji, ndani ya chupa ya giza. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari wake kwanza.

Ama wewe binti, umeshinda katika masuala yote matatu, lakini usiende kwa mama mkwe na ushindi. Yeye hakukosea kuogopa alichokiona, na kujipikia kwake chumbani ni katika wara, si katika uadui. Mpelekee mumewo aseme naye, maana kwa mwanawe atalisikia jambo ambalo kwako angelisikia kama jeuri. Iondoe chupa katika jiko la pamoja leo hii, na umpikie kwa mafuta ya nazi aliyoyazoea. Wifi yako mshukuru, wala usimsimulie yaliyotokea. Na chupa ikiwa imekwisha kaa wazi miezi kadhaa na inanuka kama rangi ya mlango, imwage. Hapo suala si la fiqhi tena, mafuta yameharibika.