Farasi Wangapi Wamo Katika Motokaa?

Rafiki yangu mmoja, mkulima wa majani chai huko Limuru, amejiwekea akiba miaka minne ili anunue pikapu iliyokwisha tumika. Mwenye kuiuza amwambia kwamba injini yake ina nguvu za farasi 100. Akanijia akiuliza, "Bwana, nitawahesabuje farasi nisiowaona?"

Farasi hao wana kipimo. Katika karne ya 18 James Watt, fundi wa mitambo kutoka Uskoti, alikadiria kwamba farasi mmoja aweza kuinua ratili 33,000 kimo cha futi moja kwa dakika moja. Siku hizi twasema wati 746.

Basi, wasomaji, tafuteni barabara tambarare isiyo na magari. Mmoja aendeshe, mwingine ashike saa, apime sekunde zinazopita tangu mwendo wa kilomita 40 kwa saa hata 80, mafuta yakikanyagwa mpaka mwisho. Rudieni mkielekea upande wa pili, mtwae wastani, kwa maana upepo na mteremko mdogo hudanganya sana. Kisha 80 mara 80, toeni 40 mara 40: baki 4,800. Zidisheni kwa kilo za gari pamoja na watu waliomo, mgawanye kwa sekunde, kisha kwa 19,300. Gari la kilo 1,500 likitumia sekunde 10, jibu ni farasi 37.

Rafiki yangu alishtuka. "Wengine 63 wameibwa?" La, hawakuibwa wote. Hao 37 ni wale waliosukuma uzito tu. Wenzao walikuwa wakishindana na upepo na matairi, na gia nazo zikala sehemu yao. Tena injini haitoi nguvu zake zote ila inapozunguka upesi sana. Na katika nchi ya juu kama kwetu, penye mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi: injini isiyo na taabo hupoteza karibu sehemu moja katika tano ya nguvu ambayo ingekuwa nayo Mombasa.

Kwa hiyo nilimshauri asiilinganishe hesabu yake na maneno ya muuzaji, bali na gari jingine la namna ile ile. Jirani yake analo. Wakalipima kwa barabara moja na mzigo sawasawa: la jirani sekunde 10, la kuuzwa sekunde 14, yaani farasi 27.

Juzi alirudi kwa muuzaji, karatasi ya hesabu mkononi, kuzungumza habari ya bei.