Pima Kabla ya Kununua

Intaneti inapokatika nyumbani, usikimbilie kutoa fedha ya chakula cha watoto ukanunue ruta mpya. Pima kwanza. Katika kompyuta, toa amri ya ping kwa namba ya ruta yako, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1. Isipojibu, kagua waya. Ikijibu, pima 8.8.8.8, iliyo nje ya nyumba. Ikinyamaza, ipigie simu kampuni inayokuuzia huduma. Ikijibu nayo, pima jina la tovuti. Jina lisipotambulika, njia ni nzima. Kasoro iko katika DNS, daftari la anwani lililobuniwa mwaka 1983 ili kugeuza majina kuwa namba. Badili daftari hilo katika ruta, uandike 8.8.8.8. Apimaye kwanza hauziwi asichokihitaji.