Simu inaleta uvumi wa afya. Je, inaweza pia kukufundisha kuupima?

Kila siku kwenye makundi ya WhatsApp kuna dawa mpya. Mara juisi ya kumaliza sukari, mara mbegu za kushusha presha, mara ujumbe wa sauti wa "daktari bingwa" asiyesema anafanya kazi hospitali gani. Mwisho wake ni ule ule: watumie na wengine.

Shida kubwa inaanza pale mgonjwa anapoweka vidonge pembeni. Mwenye presha akiacha dawa bila ushauri anajiweka kwenye hatari ya kiharusi. Sukari isiyodhibitiwa nayo huharibu figo na macho.

Ndiyo maana watafiti wanajaribu kuitumia teknolojia hiyo hiyo kuwafundisha watu wazima kupima wanachosikia. Matokeo yanatia moyo, lakini yana kasoro moja.

Somo la Uganda

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa Norway waliandaa podikasti kwa wazazi wa wanafunzi wa shule za msingi. Hawakuwaambia dawa ipi ni nzuri na ipi ni mbaya. Waliwafundisha kuhoji: ushuhuda wa mtu mmoja unatosha? Kitu kikitumika tangu enzi za mababu, ndiyo kinatibu? Kimelinganishwa na nini?

Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 kwenye jarida la Lancet. Kati ya waliosikiliza, asilimia 71 walifaulu mtihani wa kupima madai ya tiba. Kwa wazazi ambao hawakupewa podikasti hiyo, waliofaulu ni asilimia 38.

Kasoro ikaonekana baadaye. Walipopimwa tena baada ya mwaka mmoja, tofauti ilikuwa imepungua sana. Walijifunza, kisha wengi wakasahau.

Mchezo wa dakika tano

Oktoba 2020, Chuo Kikuu cha Cambridge na serikali ya Uingereza walitoa mchezo wa mtandaoni uitwao Go Viral! Mchezaji anakuwa msambaza uvumi: anatia watu hofu, anatumia wataalamu feki, anabuni njama. Akishazijua mbinu hizo, si rahisi kunaswa nazo. Watafiti waliona faida hiyo bado ipo wiki moja baadaye. Lakini wiki moja ni muda mfupi kwa mtu anayepokea uvumi kila siku.

Kupewa jibu si kufundishwa

Machi 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianzisha huduma ya kujibu maswali ya corona kupitia WhatsApp. Ilisaidia, ila ilihusu ugonjwa mmoja. Uvumi ukihamia kwenye sukari au saratani, majibu ya corona hayakusaidii. Anayejua kuhoji ana silaha ya kila uvumi.

Kwa hiyo programu inayofaa watu wetu ni ile inayofundisha kuhoji na kurudia somo mara kwa mara: swali moja fupi kila wiki, kwa Kiswahili, kwa sauti ili hata asiyependa kusoma anufaike, na isiyokula bando. Darasa la siku moja halitoshi.

Unachoweza kufanya leo

• Angalia alama. Mishale miwili kwenye WhatsApp inamaanisha ujumbe umepita mikono mingi. Haithibitishi kwamba ni uongo, ila mtumaji wako huenda hamjui aliyeuandika.

• Uliza nani anafaidika. Je, mwisho wa ujumbe kuna namba ya kununua dawa?

• Usiache dawa kabla ya kuongea na mhudumu wa afya. Tanzania, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

• Ukimsahihisha shangazi au mjomba, mfuate inbox. Akiaibishwa mbele ya kundi zima, atautetea uvumi badala ya kuufuta.