Usikubali kupigiwa Windows haraka

Jamani wauzaji wenzangu, umeme ukikatika kompyuta ikiwa imewaka, kesho yake unaweza kuikuta tupu: oda hazipo, picha za bidhaa hazipo. Mimi hapa Ifakara yalinikuta, oda za mchele za wiki nzima! Fundi akataka kupiga Windows upya, nikamkatalia. Mara nyingi kilichoharibika ni profaili yako tu, Windows imekufungulia nyingine ya muda. Usihifadhi kitu humo, ukitoka kinafutika. Zima, washa tena. Ikigoma, ingia C, fungua folda ya Users, tafuta jina lako, nakili vitu vyako kwenye flashi, ndiyo utengeneze akaunti mpya. Fundi anayeanza kwa kufuta, mimi simwachii mashine yangu. Na madeni bado naandika kwenye daftari, mnicheke tu.