Kibali kibandikwe mtoni

Kwa Wakurugenzi wa Bodi za Maji za Mabonde, Tanzania Bara

Yah: Vibali vya kazi mitoni na kwenye ardhioevu

Ndugu Wakurugenzi,

Agosti iliyopita kijiko kiliingia mtoni kwetu kuchimba msingi wa kalavati. Hatukuambiwa, ndoo ndiyo iliyotupa habari. Maji niliyoteka alfajiri yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kufika jioni tope lililotuama chini lilikuwa unene wa vidole viwili. Wiki tatu tulitia shabu, tukachuja kwa kanga, tukachemsha. Nilipouliza kibali, nikajibiwa kiko ofisini.

Kalavati tunalihitaji, na sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imewapa ninyi dhamana ya vibali vya kutumia maji na kutiririsha majitaka, na ikatambua jumuiya za watumia maji.

Lakini madhara ya mto huonekana kwanza na walio chini. Ruaha Mkuu ulipoanza kukauka kiangazi mwaka 1993, maji yalichukuliwa juu, Usangu. Viboko waliobaki wakigombea vidimbwi walikuwa chini, hifadhini.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kibali kibandikwe eneo la kazi na ofisi za vijiji vyote vya chini, kwa Kiswahili, kikionyesha tarehe na masharti. Maji yapimwe juu na chini ya eneo hilo, kabla ya kazi, wakati wa kazi na baada yake, na majibu yasomwe kwenye mkutano wa kijiji. Tope si rangi tu: huwakinga vijidudu dhidi ya klorini na hufukia mayai ya samaki. Mwisho, jumuiya ya watumia maji ipewe namba ya simu ya afisa mwenye uwezo wa kusimamisha kazi siku hiyo hiyo.

Baada ya masika kijiko kingine kinatarajiwa kushuka. Safari hii nataka kusoma kibali kabla sijatumbukiza ndoo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa chini ya mto